Michael Faraday: Kijana wa kujalidi vitabu aliyetuachia stima

Stima ikipotea saa mbili usiku na simu yako imebaki asilimia 4, ndipo unajua umeme ni kitu gani. Basi mfahamu Michael Faraday, kwa sababu bila yeye huenda hata hiyo stima ya kupotea hungekuwa nayo.

Alizaliwa Septemba 22, 1791, kusini mwa London. Babake alikuwa mhunzi mgonjwamgonjwa, na kazi ilipatikana kwa kubahatisha. Mwaka wa 1801 maisha yalikuwa magumu hivi kwamba Michael, akiwa na miaka 9, alipewa mkate mmoja umtoshe wiki nzima. Shuleni alipata kusoma, kuandika na hesabu kidogo, basi.

Akiwa na miaka 14 alipelekwa kwa mwenye duka la vitabu ajifunze kazi ya kujalidi. Wengine wangejalidi tu wangoje mshahara. Yeye alivisoma vitabu vya wateja, hasa vilivyoeleza umeme na kemia. Mwaka wa 1812 mteja mmoja akampa tiketi za mihadhara ya Humphry Davy, mwanasayansi aliyevuma wakati huo. Faraday aliandika kila kitu, akayajalidi maandishi hayo mwenyewe na kumtumia Davy akiomba kazi. Hiyo ndiyo ilikuwa CV yake! Mwanzoni aliambiwa hakuna nafasi. Baadaye msaidizi mmoja wa maabara alifutwa kwa kupigana, na mwaka wa 1813 Faraday akaitwa. Waliposafiri Ulaya, mke wa Davy alimfanya kama mtumishi wa nyumbani. Nusura aache kazi, lakini akavumilia.

Sasa sikiza. Mwaka wa 1831 aligundua kwamba ukisukuma sumaku ndani ya koili ya waya, umeme unapita. Sumaku ikitulia, umeme unakatika. Siri yote ni mwendo. Na mwendo haujali umetoka wapi! Mvuke wa Olkaria, maji ya Masinga na upepo wa Loiyangalani vyote huzungusha mitambo inayofuata kanuni hiyo hiyo. Paneli za sola pekee ndizo zina njia yake tofauti.

Kwa hivyo umeme wenyewe hauna moshi. Moshi unatoka kwa kile unachochoma ili mtambo uzunguke. London ilipofungua kituo cha umeme mwaka wa 1882, ilichoma makaa ya mawe. Sisi tuna mvuke unaotoka ardhini.

Faraday alipenda kufundisha vijana. Kila Krismasi kulikuwa na mihadhara yao, na mmoja wa mifululizo maarufu aliyotoa ulihusu mshumaa. Alionyesha kuwa mwanga wa mshumaa hutoka kwa chembe za kaboni zinazowaka. Chembe hizo zisipoungua zote, zinakuwa masizi. Ndiyo masizi hayo ya koroboi yanayotia weusi ukutani, na pia kwenye mapafu ya mtoto anayefanya homework hapo karibu.

Alikataa kupewa cheo cha heshima cha "Sir". Serikali ilipomtaka asaidie kuunda silaha za kemikali za vita vya Crimea, alikataa pia. Alifariki Agosti 25, 1867, akazikwa katika kaburi la kawaida huko Highgate.

Hesabu ya sayansi aliifanya karibu miaka 200 iliyopita. Iliyobaki ni ya pesa na nyaya. Kuna mama anayeishi chini ya laini kubwa ya umeme na bado anapikia kuni, kwa sababu kuunganishiwa ni ghali, na hata akiunganishiwa, tokeni ya kupikia itamshinda. Kupunguza gharama hiyo hakumngoji profesa pekee. Faraday mwenyewe alianzia kwa gundi na sindano ya kushonea vitabu.