Hermann Lehmann, Mganga Aliyeichunguza Siri ya Damu

Katika makambi ya Jinja na Mbale, na katika vijiji vya Busoga na Bugisu, wapo wazazi waliozika mtoto mmoja baada ya mwingine pasipo kujua kilichowaua. Mtoto huvimba vidole, macho huwa ya manjano, damu hupungua, na mifupa humuuma usiku kucha. Majirani hunong'ona habari za uchawi, na mara nyingi mama ndiye anayebebeshwa lawama. Tunaona yafaa ndugu wapiganaji na askari polisi wamjue mmoja wa wataalamu waliosaidia kuiondoa lawama hiyo.

Hermann Lehmann alizaliwa Halle, Ujerumani, tarehe 8 Julai 1910. Alisomea udaktari wakati nchi yake ikitumbukia katika upotofu mkubwa, kwani Wanazi walihubiri kwamba thamani ya mtu imo katika damu ya ukoo wake. Lehmann alikuwa wa asili ya Kiyahudi, kwa hiyo mlango wa kazi ukafungwa mbele yake. Alipata shahada ya udaktari huko Basel, Uswisi, mwaka 1934, na mwaka 1936 akahamia Cambridge, Uingereza. Huko nako hakusalimika. Mwaka 1940 Waingereza walimweka kizuizini kwa kuwa ni Mjerumani, ingawa alikuwa amemkimbia Hitler. Alipoachiliwa hakuweka kinyongo, bali alivaa sare za kikosi cha tiba cha jeshi la Uingereza, akatumikia India.

Vita vilipokwisha alikuja Uganda, akafanya kazi Makerere kuanzia 1947 hadi 1949, akichunguza upungufu wa damu. Yeye na Alan Raper walipima damu ya maelfu ya wananchi wa makabila mbalimbali, wakitafuta chembe nyekundu ambazo zikikosa oksijeni hujipinda mithili ya mundu. Katika jamii nyingine waliokuwa nazo walikuwa wachache mno, lakini kwa Waamba wa magharibi walikaribia 45 katika kila watu 100.

Mwaka 1949 wataalamu hao wawili waliieleza tofauti hiyo kuwa ni alama ya asili ya makabila. Lakini mwaka 1952 Lehmann mwenyewe alihusika katika kuigundua hali hiyo hiyo miongoni mwa wakazi wa milima ya Nilgiri, India. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, akaonyesha kwamba aliyerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja hukingwa na malaria kali. Kumbe jeni hiyo ilistawi palipo na mbu wengi, wala haikuwa hati ya kabila lolote.

Baadaye, huko London na Cambridge, Lehmann alipokea damu kutoka pande nyingi za dunia, akachunguza aina nyingi za hemoglobini zilizobadilika kwa kurithi. Mwaka 1968, pamoja na Max Perutz, alieleza jinsi badiliko dogo mahali fulani katika hemoglobini linavyoweza kuleta maradhi. Katika ugonjwa wa selimundu, kiungo kimoja tu kati ya 146 vya mnyororo mmoja wa hemoglobini ndicho kilichobadilika. Alifariki Julai 1985.

Kazi hiyo ingali inatuhusu. Uchunguzi wa damu ya watoto wachanga zaidi ya 97,000 nchini Uganda, uliofanywa 2014 na 2015, ulionyesha kuwa asilimia 13.3 walikuwa na jeni moja ya selimundu. Katika eneo la mashariki ya kati, ambamo Busoga imo, walikuwa asilimia 19.8.

Mpiganaji mwenye jeni moja si mgonjwa, wala hana sababu ya kuona haya. Hata hivyo, taarifa iliyotolewa 1987 kuhusu kuruta wa jeshi la Marekani ilionyesha kuwa vifo vya ghafula mazoezini viliwapata zaidi wenye hali hiyo. Kwa hiyo maji ya kutosha, mapumziko na kuzoeshwa mazoezi hatua kwa hatua ni wajibu wa kila mkufunzi kwa kuruta wote.

Ikiwa mume na mke wote wana jeni moja moja, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Ni baba na mama pamoja wanaorithisha, wala si mama peke yake, na uchawi haumo. Mtoto akigunduliwa mapema, dawa, chanjo na kinga ya malaria humwongezea maisha. Tunawahimiza ndugu zetu wapime damu kabla ya kuoa au kuolewa, na aliyekwisha kuzika watoto asimfukuze mkewe, bali wafuatane naye hospitalini Jinja au Mbale, wote wawili wakapimwe.