Maisha ya Edward Saidi Tingatinga, Mchoraji

Watoto wetu wakisikia neno tingatinga hufikiria mashine ya kutengeneza barabara. Wakubwa hukumbuka picha za chui na tembo zenye rangi za kung'aa. Ni wachache wanaojua kwamba picha hizo zimeitwa kwa jina la mtu.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru. Baba yake alikuwa Mwislamu na mama yake Mkristo. Shule alisoma miaka michache tu. Kama wazee wetu wengi wa Ubena, alikwenda Tanga kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge. Baadaye aliingia Dar es Salaam, akawa mtumishi wa nyumbani kwa Mzungu, kisha akaishi kwa vibarua vya hapa na pale. Hakusoma chuo chochote cha uchoraji.

Alianza kuchora mnamo mwaka 1968, akiwa mtu mzima wa miaka 36 hivi. Hakungoja kupata rangi za ghali za wasanii. Alitumia rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli, ile inayouzwa kwa kopo dukani, na badala ya kitambaa alipaka juu ya vipande vya hadibodi.

Rangi hiyo inadai subira. Ukiweka nyekundu juu ya njano kabla haijakauka, zote mbili zinavurugika. Kwa hiyo alifunika ubao kwa rangi ya nyuma, kisha juu yake akamweka mnyama au ndege, na mwisho madoa na mistari. Kwa makopo machache alijifunza kwamba rangi hupata nguvu kwa jirani yake: njano ya chui hung'aa zaidi ikiwa kando ya nyeusi.

Picha zake ziliuzwa Oysterbay, karibu na maduka ya Morogoro Stores, na wageni walizipenda. Wanunuzi walipoongezeka hakuuficha ujuzi wake. Aliwafundisha vijana, wengine wakiwa ndugu zake, na miongoni mwao walikuwamo Simon Mpata, January Linda, Kasper Tedo, Adeusi Mandu na Ajaba Mtalia.

Mwaka 1972 polisi waliokuwa wakifukuza wahalifu walilifyatulia risasi gari alilokuwamo, kwa kudhani ndilo walilolitafuta. Akafa, naye hakuwa na kosa. Alikuwa amechora kwa miaka minne tu. Lakini wanafunzi wake hawakutupa brashi. Waliendelea pamoja, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika kwa jina lake. Leo picha za namna hiyo zimefika nchi nyingi.

Ndugu zangu, katika kitabu cha Kutoka tunasoma habari za Bezaleli, ambaye Mungu alimjaza ustadi wa mikono. Nilipokuwa mwalimu nilimchapa mtoto aliyechora ng'ombe katika daftari la hesabu. Nilidhani namsaidia. Sasa najiuliza kama siku ile sikumfundisha kuizika talanta yake. Basi, mtoto wako akichora kwa mkaa ukutani, mwonye kwa ajili ya ukuta, lakini mtafutie kipande cha ubao na rangi iliyobaki koponi. Na akishajua, mwambie amfundishe mwenzake.