Marafiki Wawili wa Unguja: Sheikh Abdallah Bakathir (1860–1925)



Wako wanaosema rafiki ni wa kucheka naye tu, mambo ya dini yako na tabia yako yasimhusu. Ijumaa hii mtazame Sheikh Abdallah bin Muhammad Bakathir.

Alizaliwa Lamu mwaka 1860. Hakuwa sharifu, na Lamu ya siku zile ukoo ulipimwa sana. Alisoma kwa masharifu wa mji, akasoma Makka, kisha akahamia Unguja. Huko akashikana na Sayyid Ahmad bin Sumait, sharifu mzaliwa wa Ngazija, kadhi wa serikali ya Sultani. Bakathir alimzidi umri kidogo, lakini alikaa mbele yake kama mwanafunzi. Fikiri, ndugu yangu: sisi rika letu likitukanya tunauliza, wewe nani?

Ibn Sumait ndiye aliyemhimiza aende Hadhramaut, nchi ya wazee wao wote wawili, akakae na wanazuoni wa huko. Mwaka 1897 akafunga safari, mtu mzima na mwalimu tayari, akaenda kusoma tena. Safari ile aliiandikia kitabu kwa Kiarabu. Madrasa yake ya Ukutani ilisomesha vijana wa pwani nzima. Sheikh Al-Amin Mazrui wa Mombasa, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alisoma kwa marafiki wote wawili.

Utasema: basi Bakathir aligeuzwa na mwenzake? Hapana. Ibn Sumait alikuwa kadhi mpaka kufa, Bakathir akabaki mwalimu. Hakuvutwa kwenye cheo, alivutwa kwenye elimu. Tena Waislamu wa Cape Town, Afrika Kusini, walipogombana, Ibn Sumait alimtuma yeye akawapatanishe. Ule mbali!

Hapa kwetu kijana anamfuata mwenzake kwenye machimbo ya Misisi, anarudi mlevi. Mwingine anamfuata rafiki porini kushika bunduki. Mama analia kwamba mtoto wake alikuwa mzuri, na kweli alikuwa. Wenzake wa msikitini walimwona akienda, wakanyamaza wakiogopa urafiki usivunjike. Aliyemwita porini hakunyamaza. Wewe je, unaye nani leo ambaye unamwogopa kumwambia?

Sheikh Abdallah alifariki Unguja mwaka 1925, na Sayyid Ahmad akafariki mwaka huo huo. Allah awarehemu wote wawili. Amin.