Mama Aninha wa Bahia na Ngoma za Shango

Safari hii nimependa niwaandikie habari za mwanamke ambaye sijamkuta katika vitabu vyetu vya Historia, lakini kule Brazil anajulikana sana. Jina lake ni Eugênia Anna dos Santos, na watu wake walimwita Mãe Aninha, yaani Mama Aninha. Nimemchagua kwa sababu ya ubishi wa bwenini kwetu. Wako wenzangu wanaoshikilia kwamba mtu akishafika Kidato cha Nne haimpasi tena kucheza ngoma ya kwao. Amwachie babu yake. Mimi huwa upande wa pili, na bibi huyu ndiye shahidi wangu.

Alizaliwa mjini Salvador, katika jimbo la Bahia, tarehe 13 Julai 1869. Wakati ule Brazil ilikuwa ingali na utumwa, nao haukukomeshwa mpaka tarehe 13 Mei 1888, Aninha akiwa msichana wa miaka 18. Wazazi wake walikuwa Waafrika wa asili ya Gurunsi, watu wa upande wa kaskazini wa nchi iitwayo leo Ghana. Basi kwa damu hakuwa Myoruba hata kidogo, jambo ambalo lilinishangaza. Lakini Bahia ilijaa Wayoruba, maana ufalme wa Oyo ulipovunjika kwa vita katika karne ya 19, mateka wengi waliuzwa wakavushwa bahari mpaka huko. Hawakuchukua mali yo yote. Walichukua lugha, nyimbo na ngoma, wakavitunza katika nyumba za ibada ziitwazo candomblé. Aninha aliingizwa katika mila hiyo, akaishika kama aliyezaliwa nayo.

Alikuwa mwanamke wa biashara, mwenye duka mjini. Alinunua shamba pembeni ya mji, mahali paitwapo São Gonçalo, na mwaka 1910 akafungua nyumba yake mwenyewe, Ilê Axé Opô Afonjá. Aliiweka chini ya Shango, mungu wa radi, ambaye Wayoruba husimulia kwamba zamani alikuwa mfalme wa Oyo.

Hapa yafaa nieleze ngoma zenyewe. Ziko tatu, nazo hupigwa kwa fimbo nyembamba, pamoja na kengele ya chuma iitwayo agogô. Ndogo huitwa lé, ya kati rumpi, na kubwa rum. Mtu asiyejua atadhani kubwa ndiyo inayoshika mwendo, kumbe sivyo: ndogo mbili ndizo zinazorudia mdundo ule ule bila kuchoka, na kubwa husema. Mchezaji akiinua bega, rum humjibu. Rum ikibadili neno, mchezaji hubadili mguu. Kila mungu ana mdundo wake. Wa Shango huitwa alujá, nao ni wa haraka na wa kishindo kama radi, na mchezaji wake huvaa nyekundu na nyeupe, akishika shoka lenye makali pande mbili. Katika nyumba nyingine za Brazil, zenye asili ya Angola na Kongo, vyombo hivi hupigwa kwa mikono, navyo huitwa ngoma, neno letu hili hili!

Sasa, mambo haya yalikuwa ya hatari. Sheria ya mwaka 1890 iliharamisha uganga, na katika miaka ya 1920 polisi wa Salvador walizivamia nyumba za candomblé, wakakamata watu na kuchukua ngoma. Vitu vingine viliishia katika majumba ya makumbusho, kana kwamba ni vielelezo vya uhalifu. Wengi walijificha. Aninha alifanya kinyume. Kwa shauri la rafiki yake Martiniano do Bonfim, mzee aliyesoma Lagos alipokuwa kijana, aliweka katika nyumba yake baraza la watu 12 walioitwa Oba, mfano wa mawaziri wa Shango. Januari 1937 wataalamu walipokutana Salvador kujadili habari za watu weusi wa Brazil, yeye naye alitoa makala juu ya vyakula vya Kiafrika. Husimuliwa pia kwamba alifika kwa Rais Getúlio Vargas kuombea ngoma uhuru.

Mimi si mfuasi wa dini ile, wala siandiki ili kumvuta mtu. Linalonigusa ni hili: alitaka watoto wa nyumba yake wasome mpaka wapate pete ya wahitimu wa chuo kikuu, kisha waje nayo kidoleni mbele ya Shango. Hakuona kwamba kimoja kinafukuza kingine. Wabishi wa bwenini wanijibu hapo.

Alifariki tarehe 3 Januari 1938, kabla hajaona mwisho wa taabu ile, kwa maana nyumba za Bahia ziliendelea kuomba kibali cha polisi ili kupiga ngoma zao mpaka mwaka 1976. Mwaka huo huo kiti chake kilikaliwa na Mãe Stella, muuguzi aliyesomea kazi yake, ambaye mwaka 2013 alichaguliwa kuingia katika Chuo cha Waandishi cha Bahia. Ndani ya uwanja wa nyumba ile sasa iko shule ya watoto, nayo inaitwa kwa jina la Eugênia Anna dos Santos.