Izaak Walton na Samaki wa Magugu

Likizo iliyopita niliazima kitabu cha zamani cha Kiingereza, nikitumaini kitanifundisha kuvua kambare katika mafunjo ya ziwa Kyoga. Kambare sikuwapata, ila nilimpata mtu ambaye napenda kuwaeleza habari zake. Naye ni Izaak Walton, aliyefariki zaidi ya miaka mia tatu iliyopita.

Alizaliwa mwaka 1593 katika mji wa Stafford, Uingereza. Baba yake alikufa yeye akiwa bado mdogo, wala shule hakupata nyingi. Akaenda London, akawa mwuza nguo. Mkewe Rachel alimzalia watoto saba, na wote saba wakafa. Mwaka 1640 Rachel naye akafa. Mwaka 1642 vikaanza vita vya wenyewe kwa wenyewe, na mwaka 1649 mfalme akakatwa kichwa. Walton alikuwa upande wa mfalme, yaani upande ulioshindwa. Mwaka 1651, baada ya mapigano ya Worcester, alichukua kito cha mfalme kijana aliyekuwa mbioni, akakipeleka London kwa siri. Angalikamatwa nacho, pengine tusingalisikia habari zake tena.

Basi mtu aliyepatwa na mambo hayo yote ndiye aliyetoa, mwaka 1653, kitabu cha uvuvi, The Compleat Angler. Ndani yake mvuvi anamfundisha mwindaji, wakitembea kando ya mto Lea, kaskazini ya London. Mimi niliikimbilia sura ya samaki aitwaye paiki.

Paiki hayumo katika maziwa yetu. Ni samaki mrefu, mdomo wake bapa kama wa bata, meno yake makali. Hulala kimya ndani ya magugu ya maji huku macho yakitazama juu, na chura au kifaranga cha bata akipita, humrukia kama mshale. Mvuvi akizamisha ndoana mahali kama hapo hunasa majani matupu. Kwa hiyo chambo sharti kipite juu ya maji. Walton alifundisha kuchagua chura, na aliye wa manjano zaidi ndiye bora. Kumshona mguu kwa uzi mwembamba. Na kutia waya penye ndoana, maana meno ya paiki hukata mshipi. Samaki akidaka, usivute upesi. Mwache arudi maficho yake, ameze.

Alieleza pia jinsi watu walivyofunga chambo kwenye kibofu kilichojaa hewa, au kicha cha majani makavu, wakakiacha kielee kufuata mto wao wakitembea ukingoni. Wengine walikifunga kwenye mabawa ya bata bukini! Njia ya kicha niliijaribu mwenyewe. Upepo uligeuka, kicha kikaingia ndani ya mafunjo pamoja na ndoana yangu ya pekee.

Lakini mvuvi huyu hodari aliandika kosa kubwa. Alisema kwamba baadhi ya paiki huzaliwa na magugu yenyewe kwa joto la jua, akimfuata Gesner, mwanachuoni wa Uswisi. Sasa twajua kwamba jike hutaga mayai kwenye majani ya maji machache baada ya baridi kupungua, mayai hunata hapo, na watoto wakianguliwa hujishikiza kwenye majani siku kadhaa. Hata hivyo sithubutu kumcheka. Magugu na paiki aliyaona kwa macho yake. Alilolikosa alilichukua katika kitabu cha mtu mwenye elimu kuliko yeye, nasi wanafunzi hufanya hivyo kila siku.

Mshairi Byron alimshutumu Walton mwaka 1823 kuwa mkatili, na nikimfikiria yule chura hai namwona Byron ana haki. Heri chura wa bandia. Mwishoni mwa karne ya 19 James Heddon, mfuga nyuki wa Dowagiac huko Marekani, alichonga vyura wa mti. Siku hizi wako wa mpira, ambao ndoana zao hulala juu ya mgongo zisikwame. Humburura polepole juu ya majani, ukamtuliza kidogo penye uwazi, ukamvuta tena. Na samaki akirusha maji, hungojea hata uusikie uzito wake.

Walton alioa tena, akazika na mke wa pili mwaka 1662. Kitabu chake hakuacha kukiongeza. Toleo la tano, la 1676, lina sehemu ya rafiki yake Charles Cotton juu ya nzi wa kuiga watengenezwao kwa manyoya. Walton alikuwa na miaka 83. Alifariki Winchester tarehe 15 Desemba 1683, akazikwa katika kanisa kuu la mji huo. Mwaka 1914 wavuvi wa Uingereza na Marekani walichanga fedha, likawekwa hapo dirisha la vioo vya rangi, na ndani yake Walton ameketi kando ya mto, anasoma.