Bwana Boulenger na Samaki za Tanganyika

Sambaza na mukeke tunaokula, majina yao ya sayansi, miodon na stappersii, yalitoka kwa mutu mumoja, mwaka 1906 na 1914. Ndiye George Albert Boulenger.

Alizaliwa Bruxelles, Ubelgiji, mwaka 1858. Mwaka 1880 akaenda British Museum ya London, akatumika kule mpaka 1920. Vyura, nyoka, mijusi, samaki, vyote vilipita mezani pake: espesi mpya zaidi ya 2.000! Mwaka 1901 akatoa kitabu kikubwa juu ya samaki za Kongo.

Mwingereza Moore alitoka Tanganyika na samaki ndani ya chupa za alkoli. Mwaka 1898 Boulenger akaita mumoja Tropheus moorii, kwa heshima ya Moore. Ni samaki mudogo, hafiki sentimeta 15, anakula majani madogo yanayoshika mawe. Mwaka 1900 akatenga mwingine, Tropheus annectens, juu ya miiba ya pezi la chini karibu na mukia: huyu iko na 4, moorii anamupita.

Lakini alkoli inakula rangi. Na ndani ya ziwa rangi ndiyo shida yenyewe. Tropheus wa mawe haya ni mweusi mwenye mukanda wa manjano, wa mawe ya kule ni mwekundu. Leo wamekwisha kuona namna za rangi kupita mia moja. Sababu? Samaki huyu anaogopa kuvuka muchanga na maji marefu. Mama naye anachunga mayai mdomoni, hayapelekwi na maji. Basi kila fungu la mawe ni kijiji chake, na wanaoana wenyewe kwa wenyewe. Je, ni espesi moja yenye nguo nyingi, ao ni espesi nyingi? Wengine walitengwa, kama duboisi mwaka 1959 na brichardi mwaka 1975. Juu ya wengine wanasayansi wangali wanabishana.

Kuna wanaomucheka Boulenger eti alihesabu miiba tu. Mimi naona si haki: miiba ndiyo iliyobaki ndani ya chupa.

Kisha 1920 alirudi Ubelgiji, akaanza kuchunguza maua ya rozi, ambayo mipaka ya espesi zake inachanganya kichwa vilevile. Alikufa Saint-Malo, Ufaransa, mwaka 1937. Sambaza ilikuwa haijafika Kivu; ilitolewa Tanganyika na kutiwa kule mwaka 1959.