Nabongo Mumia: Kumpima Mtawala kwa Kipimo cha Huruma

Utangulizi

Sisi wanafunzi wa fasihi tuna desturi moja njema. Tunapomsoma Rosa katika Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyochapishwa mwaka 1971, hatukomei kwenye vitendo vyake. Tunauliza alilelewa vipi, fimbo ya baba yake ilimfunza nini, na jamii ilimnyima nini kabla ya kumnyoshea kidole. Riwaya hiyo ilipotoka, wako walioona haifai kusomwa shuleni. Hata hivyo, wasomaji waliovumilia hadi ukurasa wa mwisho waligundua kwamba kumwelewa Rosa si sawa na kuyasifu aliyoyatenda.

La ajabu ni kwamba tunapotoka katika ukumbi wa fasihi na kuingia katika historia ya kwetu, desturi hiyo tunaiacha mlangoni. Waliotutangulia tunawagawa mafungu mawili tu: mashujaa na wasaliti. Koitalel arap Samoei wa Wanandi, aliyeuawa na Waingereza mwaka 1905, yumo katika fungu la kwanza. Nabongo Mumia wa Wanga hutupwa katika fungu la pili. Kwetu sisi wa Busia na Malaba, ambao mababu zetu walionja utawala wa jamaa na mawakala wake, hukumu hiyo huonekana haihitaji ushahidi zaidi. Makala haya yanayasimulia upya maisha ya Mumia ili tujiulize iwapo alisikizwa kabla ya kuhukumiwa.

Mrithi wa ufalme uliozingirwa

Mumia alizaliwa katikati ya karne ya kumi na tisa, mwana wa Nabongo Shiundu. Alirithi kiti cha baba yake yapata mwaka 1882, akiwa kijana wa miaka thelathini hivi. Makao yake yalikuwa Elureko, mahali ambapo wasafiri wa misafara walipaita Kwa Sundu kwa jina la baba yake, na ambapo baadaye palikuja kuitwa Mumias kwa jina lake mwenyewe.

Ufalme aliourithi haukuwa mkubwa wala salama. Kusini walikuwapo Wajaluo wa Ugenya, kaskazini Wabukusu, na upande wa magharibi Wateso, ambao katika karne hiyo walikuwa wamesogea na kuweka makazi katika nchi ya Amukura na Malaba. Vita na majirani hawa vilianza kabla yake. Isitoshe, wafanyabiashara kutoka pwani walikuwa wamekwisha kuizoea njia ya Wanga tangu enzi za baba yake, wakitafuta pembe za ndovu na watumwa. Walikuja na vitambaa, na walikuja na bunduki. Mtawala aliyekuwa na bunduki upande wake alilala. Asiyekuwa nazo alikesha.

Msomaji auweke moyoni umri huo na hali hiyo. Mumia hakukaa mezani akachagua kati ya uhuru na utumwa, kama tunavyomchorea sisi tunaojua mambo yaliishia wapi. Alichagua kati ya adui aliyemjua na mgeni asiyemjua.

Mwenyeji wa wageni

Mwaka 1883 Joseph Thomson, mvumbuzi kutoka Uskoti, alifika Kwa Sundu akapokewa. Mwaka 1885 akaja Askofu James Hannington, akielekea Buganda. Aliacha sehemu kubwa ya msafara wake hapo chini ya kasisi William Jones, naye akaendelea magharibi na watu wapatao hamsini. Aliuawa Busoga mnamo tarehe 29 Oktoba mwaka huo. Waliosalimika walirudi kwa Mumia, wakahifadhiwa. Ukarimu huo haukuwa hila ya kisiasa pekee. Ulikuwa pia desturi ya ua wa mfalme, ambamo mgeni alilindwa.

Waingereza walipoamua kukaa, waliweka kituo hapo hapo. C. W. Hobley alifika mwaka 1895, na mwaka huo huo ngome ya Wabukusu ya Chetambe ilivunjwa kwa bunduki, watu wengi wakapoteza maisha. Wapiganaji wa Wanga walikuwa upande wa walioshinda. Hapa ndipo doa lilipo, na si haki kulifunika. Maadui wa Mumia waligeuka maadui wa serikali, na serikali ikawa mkuki wake.

Mpaka na mawakala

Wakati huo nchi yote hii, kuanzia Busia na Malaba hadi Naivasha, ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Tarehe 1 Aprili 1902 Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulihamishiwa upande ambao leo ni Kenya. Wateso wakajikuta wamegawanywa na Mto Malaba, na Wasamia wakagawanywa na Mto Sio. Mumia hakuuchora mpaka huo. Lakini kwa walioachwa upande wa Kenya, serikali mpya ilikuja ikiwa na sura ya Kiwanga.

Mwaka 1909 Mumia alitangazwa kuwa Chifu Mkuu. Waingereza, ambao hawakuwa na watu wa kutosha wala fedha za kutosha, waliwatumia jamaa na mawakala wake kuwatawala majirani ambao hawakuwahi kuwa raia wa Wanga. Ndugu yake Murunga alitawala Wabukusu. Mulama alitawala Wamarama. Huku mpakani nako, mawakala wa Kiwanga walijulikana kwa kodi ya kibanda na kazi za kulazimishwa. Ilipozuka Vita Vikuu vya Kwanza, machifu walitakiwa kutoa vijana wa kubeba mizigo ya jeshi, na wengi hawakurudi. Mkulima wa Amukura au wa Nambale aliyenyang'anywa mbuzi wake hakuwa na sababu ya kujali kwamba amri ilitoka mbali zaidi ya Elureko. Aliyemwona mlangoni alikuwa mtu wa Mumia.

Jua kuchwa

Walioinuliwa na mwenye nguvu hushushwa na mwenye nguvu huyo huyo. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na njia ya misafara iliyoipa Elureko umuhimu wake ikaanza kufa. Mwaka 1920 makao makuu ya wilaya yalihamishwa kutoka Mumias hadi Kakamega. Mwaka 1926 Mumia alistaafishwa. Reli iliyofika Kampala mwaka 1931 ilipita Malaba. Haikupita kwenye ua wa yule aliyewalisha wasafiri wa kwanza. Katika miaka ya 1930 watu waliotawaliwa na machifu wa Kiwanga walizidi kudai viongozi wa damu yao, na madai hayo yalikuwa ya haki.

Mumia, aliyekuwa ameingia katika dini ya Kiislamu, aliishi zaidi ya miaka ishirini baada ya kustaafishwa, akiitwa mfalme bila ya ufalme. Alifariki mwaka 1949, akikaribia umri wa miaka mia moja. Kumbukumbu yake imehifadhiwa Matungu, palipo na makaburi ya Manabongo.

Hitimisho

Je, huruma inatutaka tumtangaze Mumia shujaa? La hasha. Huruma inayomfuta aliyeumizwa si huruma. Ni upendeleo uliovaa kanzu. Mkulima wa Amukura naye anadai kusomwa kwa makini kama tunavyomsoma mfalme, tena zaidi, kwa kuwa jina lake halikuandikwa popote. Tunachotakiwa ni kuwaweka wote wawili katika ukurasa mmoja: aliyetawala kwa hofu ya kumezwa, na aliyetawaliwa akalipa gharama ya hofu hiyo.

Jambo hili si la makaburini tu. Katika darasa moja la Kiswahili hukaa Mteso wa Malaba, Mkhayo wa Matayos, Mbukusu wa Bungoma na Mwanga wa Matungu. Neno msaliti likitamkwa kwa wepesi, halimfikii Mumia. Humwangukia aliyeketi karibu nawe. Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sisi hatukukilalia kitanda cha Elureko mwaka 1882, wala hatukulala katika kibanda kilichotozwa kodi. Maadamu fasihi imetufundisha kumsikiliza Rosa hadi mwisho wa kisa chake, na tuwasikilize pia mfalme na mkulima huyo kabla ya kutia sahihi kwenye hukumu.